Meno Arobaini na Moja ya Karani

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa kwenye ngazi za kliniki yangu mwenyewe, mlango umefungwa kwa amri, karatasi ya baraza la wataalamu wa afya imebandikwa juu ya tangazo langu linalowahimiza watu wapige mswaki mara mbili kwa siku. Aliyekosa sehemu hiyo asijali. Mambo yenyewe ni machache.

Mimi ni daktari wa meno, mwaka wa ishirini na mbili kazini. Kampuni ya bima inanishtaki kwamba nimedai malipo ya meno arobaini na moja niliyoyang'oa kwenye kinywa cha mtu mmoja, karani wa idara ya maji. Binadamu mzima ana meno thelathini na mawili. Gego moja, la kwanza chini kulia, nimeling'oa mara tano.

Leseni yangu imesimamishwa. Baraza likiridhika kwamba ni udanganyifu, itafutwa, na mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Hata balbu ikiungua nyumbani, namwita fundi.

Wakili wangu ni shemeji, kaka wa mke wangu. Kwa miaka kumi na mitano amekuwa akitetea kesi za mipaka ya viwanja, na hajawahi kutetea kitu kisicho na uzio. Nilimchukua kwa sababu mke wangu alisema damu nzito kuliko maji, na kwa sababu mawakili watatu kabla yake walisikia hesabu ya meno wakacheka mpaka nikaona aibu kuendelea kukaa.

Jumanne asubuhi tukapanda pamoja kwenda ghorofa ya pili, kwenye ukumbi wa baraza.

"Shemeji, ulilala?" akaniuliza.

"Nililala."

"Mimi sikufumba jicho. Nimesoma faili lako mpaka nikaota naumwa jino. Nina swali moja tu. Hayo meno yako wapi?"

"Yalitupwa. Kwenye chombo cha taka hatari, kama utaratibu unavyotaka."

"Umetupa ushahidi?"

"Nimetupa meno."

Akatikisa kichwa. "Ndiyo raha ya kiwanja, shemeji. Hakitupwi."

Ndani walikuwa watatu. Mwenyekiti, mama mmoja daktari wa macho aliyestaafu. Kulia kwake mfamasia. Kushoto kwake mkunga mkuu, aliyekuja na mkoba wake wa kazi kwa sababu alikuwa na zamu mchana huo. Upande wa pili wa meza alikaa mpelelezi wa kampuni ya bima, na mbele yake rundo la mafaili yangu.

Akaanza kusoma mwandiko wangu kwa sauti, polepole, kama anayesoma wosia.

"Tarehe nne Machi. Gego la kwanza chini kulia limeoza. Limetolewa. Tarehe kumi na tisa Juni, kadi ile ile ya bima. Gego la kwanza chini kulia lipo, ingawa kumbukumbu zinaonyesha lilitolewa Machi. Limeoza. Limetolewa. Tarehe mbili Septemba. Gego lile lile lipo tena. Limetolewa."

Mkunga akainama mbele. "Liliota tena?"

"Ndivyo daktari alivyoandika, mama."

"Sikuandika kwamba liliota," nikasema. "Niliandika kwamba lipo. Kuota ni dhana. Kuwepo kunaonekana kwa macho."

Shemeji akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Waheshimiwa," mpelelezi akasema, "tuna mambo mawili tu hapa. Ama daktari huyu amegundua kinywa cha papa, samaki anayeota meno upya kila yanapotoka, ama meno haya hayakuwahi kuwepo, ameyazua kwenye karatasi. Kampuni yangu inaamini hilo la pili."

Shemeji akasimama, akafunga kifungo cha koti. Nilimjua kwa kitendo hicho. Hivyo ndivyo anavyofanya kabla ya kuomba mahakama iende shambani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mgogoro wa eneo hauamuliwi kwa karatasi. Karatasi husema hivi, jiwe la mpaka likasema vile. Naomba baraza litembelee eneo lenyewe."

"Kliniki?" mwenyekiti akauliza.

"Kinywa."

Nikamvuta koti. Sikuwa nimeambiwa habari ya kinywa. Naye hakuwa ameniuliza ningeona nini humo.

Mpelelezi alitabasamu bila kutenganisha midomo. "Hatuna pingamizi. Mwenye kadi yuko nje. Tumekuja naye sisi."

Karani akaingia. Mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Akaapishwa. Kisha akanigeukia kwa heshima zote.

"Shikamoo, daktari. Nashukuru kukufahamu."

"Marahaba," nikajibu, na chumba kizima kikaelewa kwamba tunaonana kwa mara ya kwanza.

Shemeji peke yake hakuelewa. "Fungua eneo, ndugu," akamwambia.

Karani akafungua kinywa. Hata kutoka nilipokaa niliona yote niliyohitaji kuona. Mwanya mpana mbele. Magego yamekaa kwenye mstari. Hakuna pengo hata moja.

Sasa ikabidi yahesabiwe, maana jambo lisilohesabiwa haliingii kwenye kumbukumbu za kikao.

"Mimi ni wa macho," mwenyekiti akasema.

"Mimi nauza miswaki," mfamasia akasema. "Sijui inakopita."

"Msinitazame," mkunga akasema. "Wangu wote huja bila jino hata moja."

"Basi mtaalamu tunaye," shemeji akasema, akaniwekea mkono begani.

"Pingamizi!" mpelelezi akaruka. "Leseni yake imesimamishwa. Kuhesabu meno ni uchunguzi. Uchunguzi ni tiba. Akihesabu, anatibu bila leseni."

"Na mchuuzi akihesabu meno ya ng'ombe sokoni, naye anatibu?"

"Ng'ombe hana bima!"

Walibishana dakika arobaini. Nilizipima kwa saa ya ukutani. Muda wote huo karani alikaa kinywa wazi, kwa sababu aliambiwa afungue na hakuna aliyemwambia afumbe. Watu wa idara ya maji wamezoea kungoja maagizo.

Mwishoni mwenyekiti akaamua: mpelelezi atahesabu, chini ya kiapo, kwa kutumia kalamu ambayo haijafunguliwa kifuniko.

Akahesabu. Akapata thelathini na nne.

"Amerudia ya juu," nikasema.

"Mshtakiwa anyamaze. Rudia."

Akarudia. Akapata ishirini na tisa.

"Tuchukue wastani," mfamasia akapendekeza, na kabla mtu hajamzuia akaandika: thelathini na moja na nusu.

Sitaki kusema niliumia, kwa sababu kuumia si hoja. Nitasema tu kwamba kwa miaka ishirini na miwili nimehesabu meno kila siku ya kazi, na ile nusu bado inaninyima usingizi.

Mpelelezi naye hakuridhika. Ni mtu makini, nampa haki yake. Akasema atathibitisha kwa kulinganisha. Akaelekea dirishani kwenye mwanga, akainua uso, akafungua kinywa chake mwenyewe mpaka mwisho, akaanza kugusa jino moja moja kwa kidole, huku jicho lake moja liko kwa karani: langu, lako, langu, lako.

Hapo ndipo nilipokiona.

Lazima niwaeleze jambo. Mimi sikumbuki sura. Watu hunisalimu barabarani, nami huitikia kama mwanasiasa, bila kujua ni nani. Wakicheka tu, nawajua. Naweza kukwambia ulikuja lini, ganzi ilikushika baada ya dakika ngapi, na kama ulilia.

Kwenye kinywa cha mpelelezi, chini kulia, gego la kwanza halikuwepo. La pili limeanza kulala mbele. Juu ya fizi kulikuwa na kovu la nyuzi tatu, zimekaa pembeni kidogo, kwa sababu mzizi wa nyuma ulivunjika nami nikauchimba kwa dakika hamsini.

"Kinywa hicho nakijua," nikasema.

Shemeji akageuka. "Kipi?"

"Cha mpelelezi. Novemba, mwaka juzi. Nilimtoa gego. Alikuja kwa kadi ya huyu karani."

Kidole kikabaki mdomoni mwa mpelelezi. Kisha kikatoka taratibu.

"Nilikuwa kazini," akasema.

"Kazini vipi?" mwenyekiti akauliza.

"Tulishaanza kumshuku, mheshimiwa. Kampuni ikanitengenezea nakala ya kadi. Nikatumwa kujifanya naumwa, tuone kama ataandika jino hewa."

"Na jino lako likang'olewa?"

"Alikuwa ameshashika koleo." Akameza mate. "Na lilikuwa linauma kweli. Mwaka mzima nilikuwa natafunia upande mmoja."

Mkunga akaficha uso nyuma ya mkoba. Mabega yake yalikuwa yakicheza.

"Jino hilo," shemeji akasema kwa sauti ya mtu aliyeona jiwe la mpaka likichomoza ardhini, "limo kwenye haya arobaini na moja? Haya ambayo hayakuwahi kuwepo?"

"Ni la thelathini na nane," mpelelezi akasema.

"Basi ni arobaini," mfamasia akasema, akafuta, akaandika upya.

Shemeji akazunguka meza yote. "Waheshimiwa! Mlalamikaji anasema hakuna nyumba, kumbe yeye mwenyewe ni mpangaji! Anasema meno ni ya kuzua, na pengo analo mdomoni! Kama la thelathini na nane ni la kweli, nani atasema la thelathini na saba ni la uongo?"

Kwa mara ya kwanza tangu ndoa yangu nilimpenda shemeji yangu. Hata mwenyekiti alikuwa ametabasamu. Kwa dakika mbili hivi nilikuwa daktari mwenye leseni.

Kisha mwenyekiti akavua miwani.

"Daktari. Huyu bwana ulimwona mara moja tu?"

"Mara moja."

"Leo umemtambua kutoka upande wa pili wa meza. Umeangalia kwa muda gani?"

"Sekunde nne. Labda tano."

"Hongera. Sasa nisaidie mimi mtu wa macho. Hawa wengine waliokuja kwa jina la karani, walilala kwenye kiti chako nusu saa nusu saa, kinywa wazi, taa inawaka. Hukuona kwamba si kinywa kimoja?"

Shemeji aliganda hapo hapo, mguu mmoja mbele. Akarudi kitini bila kelele, akachukua karatasi, akaandika neno kubwa: SIKUMBUKI. Akalipigia mstari mara mbili. Akanisogezea.

"Soma hilo," akanong'ona. "Soma tu, shemeji. Dada yangu anakusubiri nyumbani."

Hapa lazima nikiri, na nakiri kwenu kabla ya kumalizia kuwaeleza nilivyokiri kwao. Wiki tatu nimewaandikia kana kwamba yalinikuta nikiwa gizani. Sikuwa gizani. Nilikuwa na taa, na taa ya daktari wa meno haifichi kitu.

"Nilijua," nikasema.

Shemeji akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

"Tangu lini?" mwenyekiti akauliza.

"Tangu jino la pili. La kwanza lilikuwa la mama mjamzito. La pili la mzee aliyetafuna tumbaku maisha yake yote. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingewachanganya."

"Vinywa vingapi kwa jumla?"

"Tisa. Na cha mpelelezi, kumi."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Kwa sababu ningeuliza, ningejibiwa. Nikishajibiwa, ningelazimika kuwarudisha nyumbani na majipu yao. Mmoja shavu lilivimba mpaka jicho likafumba. Nikaamua nitazame kilichokuwa mbele yangu tu. Kilichokuwa mbele yangu kilikuwa jino bovu. Nikaandika jino bovu."

"Wewe ni mwongo wa aina yake," mwenyekiti akasema. "Hujaandika hata neno moja la uongo."

Sikujua kama ni sifa.

Akashauriana na wenzake kwa kunong'ona. Kisha akasema, na nanukuu kwa sababu maneno haya ndiyo maisha yangu:

"Meno yalikuwepo. Hilo linakusaidia. Lakini kama kadi moja ilitibu watu tisa wasiohusika, baraza linawataka watu hao tisa. Wakipatikana, wewe tutakuona mzembe, si mwizi. Utapewa onyo, na leseni itarudi. Wasipopatikana, mwizi aliyebaki hapa ni wewe."

"Sina majina, mheshimiwa. Nina vinywa tu."

"Majina anayo mwenye kadi," mpelelezi akasema.

Tukageuka sote. Karani alikuwa bado amefungua kinywa. Kwa muda wa saa moja na dakika hamsini.

"Funga tu, baba," mkunga akamwambia kwa huruma. "Jamani, tumemsahau mtu wa watu."

Akafunga. Akasugua taya kwa viganja vyote viwili. Nilikuwa nikiutazama ule mwanya wake. Kati ya vile vinywa tisa, sita vilikuwa na mwanya kama huo huo, upana huo huo. Sikuhitaji kuambiwa ni wa nani. Kaka, dada, mama, watoto wa mama mmoja. Na kumpa mtu kadi ya bima, hata kama ni mama aliyekuzaa, ni kosa la kufungwa, kwa aliyetoa na kwa aliyepokea.

"Ndugu karani," mwenyekiti akasema. "Kadi yako uliwapa akina nani?"

"Sikumpa mtu."

"Na haya meno?"

"Ni yangu."

"Yote arobaini?"

"Arobaini na moja. Na lile la bwana huyu."

Mpelelezi akasimama. "La kwangu? Lile nilizaliwa nalo mimi!"

"Kadi ilikuwa ya nani?" karani akamuuliza kwa upole.

"Ndugu yangu," mwenyekiti akasema, "kinywa chako tumekiona. Hakina pengo."

"Yanaota, mheshimiwa."

"Yanaota?"

"Sisi kwetu yanaota. Ukitoa moja, linakuja lingine. Ni kitu cha ukoo."

"Unakumbuka umeapa?"

"Nakumbuka. Yanaota."

Hakuna aliyecheka, hata mkunga. Jasho lilikuwa likimtiririka mtu yule, na mikono ameibana katikati ya magoti. Mtu anayekubali kuonekana mjinga kiasi hicho, mbele ya watu wazima, hafanyi mzaha. Alikuwa amewakingia kifua watu tisa, na silaha yake ilikuwa ni jambo lisilowezekana.

Mfamasia akakohoa. "Kisheria, hilo ni dai la kitaalamu. Hatuwezi kulikataa kwa kulishangaa tu. Linahitaji mtaalamu wa meno alikanushe."

Wakatazamana, macho, dawa na uzazi. Kisha wote watatu wakanitazama mimi.

"Baraza linarudisha leseni ya daktari kwa dakika tano," mwenyekiti akatangaza.

"Pingamizi!" mpelelezi akasema.

"Pingamizi!" shemeji naye akasema, kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo.

Mkunga akanipa glovu kutoka kwenye mkoba, na tochi yake ndogo. Karani akafungua. Nikainama.

Nikaanza juu kulia kama ninavyoanza siku zote. Safi. Juu kushoto, safi. Chini kulia, gego ambalo kwenye faili limetolewa mara tano lilikuwa imara kama nguzo. Hakuna kovu. Hakuna jino lililowahi kutolewa kwenye kinywa hiki, wala lililowahi kurudi. Kwa binadamu mzima jambo hilo halipo. Nilikuwa nimeshaanza kunyooka ili niseme hivyo.

Kisha nikamulika chini kushoto, nyuma kabisa, pale ambapo kalamu ya mpelelezi haikufika.

Fizi ilikuwa nyekundu, imepasuka kidogo. Katikati ya mpasuko kulikuwa na ncha nyeupe.

Gego la mwisho. Kwa kawaida hutoka mtu akiwa na miaka ishirini hivi. Kwa mtu wa arobaini ni nadra, lakini hutokea. Nimeliona mara tatu katika kazi yangu. Nikagusa. Karani akashtuka.

"Linauma?" nikamuuliza chini chini.

"Tangu juzi," akasema na vidole vyangu vimo mdomoni. Macho yake yalikuwa kwangu. Hakujua nimeona nini. Alijua tu kwamba nimeona.

"Dakika zako zinaisha, daktari," mwenyekiti akasema. "Sitaki dhana, na wewe mwenyewe huzipendi. Sitaki hotuba. Swali ni moja, jibu ni ndiyo au hapana, na kitakachoandikwa ndicho kitakachokuwa uamuzi wetu. Ndani ya kinywa hicho, kwa macho yako, kuna jino linaloota?"

"Naweza kueleza, mheshimiwa?"

"Huwezi."

Nikisema ndiyo, nimesema ukweli mtupu. Karani anakwenda nyumbani kwa watu wake tisa, leseni yangu inarudi mfukoni, na kwenye kumbukumbu za baraza, chini ya sahihi yangu, itabaki kwamba wapo watu ambao meno yao huota bila mwisho. Nikisema hapana, nimesema uongo mbele ya jino lenyewe, na karani anaondoka hapa na pingu za kiapo cha uongo.

Nyuma yangu nilimsikia shemeji akivuta pumzi. "Sema unachokiona, shemeji," akanong'ona. "Basi."

Mwenyekiti akavaa miwani, akashika kalamu. Nikamulika tena. Lilikuwa limechomoza milimita mbili, jeupe, halina hata doa.